Hesi ya Parafujo katika Bunduki ya Kale

Parafujo ni kitu kidogo, na watu wengi huitumia kila siku bila kuifikiri. Hukaza bawaba ya mlango, mguu wa cherehani, kiti cha baiskeli na kitasa cha sanduku. Ukiitazama vizuri utaona kwamba mwilini mwake mna mfereji mwembamba unaozunguka toka nchani hata karibu na kichwa, na kando ya mfereji huo pameinuka tuta, mfano wa matuta ya shamba la viazi. Mfereji huo na tuta lake, vyote pamoja, ndivyo viitwavyo hesi. Mafundi wengi wa siku hizi huita uzi. Ndani ya tundu linaloipokea parafujo mna hesi nyingine iliyo sawa na ile ya kwanza, nazo hushikana kama vidole vya mikono miwili.

Leo tutajifunza kazi ya hesi, sababu za kuharibika kwake, na jinsi fundi mwenye busara anavyoitengeneza. Tutachukua mfano wa bunduki ya kale. Katika bunduki ya kale kosa dogo la hesi laweza kuharibu kitu kisichopatikana tena, na laweza pia kumpofusha mtu au kumwua.

Kwanza, na tujue hesi ni nini. Chukua karatasi, uikate iwe na pembe tatu, upande mmoja umesimama wima, na upande mwingine umeinama kama mlima unaoshuka polepole. Kisha izungushe katika kalamu ya risasi, ukianzia upande ule uliosimama wima. Utaona kwamba ukingo ulioinama umeizunguka kalamu kama hesi. Basi hesi ni mlima uliozungushwa katika kijiti. Mtu apandaye mlima mkali kwa njia iliyonyoka huchoka upesi. Afuataye njia inayozunguka huenda mwendo mrefu zaidi, lakini kila hatua yake ni nyepesi. Ndivyo ilivyo parafujo: mkono huzunguka sana, nayo huingia kidogo, walakini huingia kwa nguvu nyingi. Kwa kila mzunguko mmoja huingia kadiri ya nafasi iliyopo kati ya tuta moja na tuta la pili. Nafasi hiyo tutaiita hatua ya hesi. Likumbukeni neno hilo, maana tutalihitaji.

Watu wa nchi hii, ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe, walijua kazi ya chuma kabla ya kuijua parafujo. Wanyiha wa Mbozi, na jirani zao Wafipa, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuu refu la udongo lililovuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini. Kisha walikisafisha chuma hicho katika tanuu dogo kwa mivuo, na wahunzi wakafua majembe, mashoka na mikuki. Vyombo hivyo havikuhitaji hesi. Ulimi wa jembe ulipenya tundu la mpini, na kila pigo la mkulima lilizidi kuukaza.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilileta bunduki kutoka pwani. Nyingi zilikuwa magobori, yaani bunduki zinazotiwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na kushindiliwa kwa fimbo iitwayo mdeki. Katika gobori la fataki kitako cha mtutu kimezibwa kwa kizibo chenye hesi. Chuchu inayovikwa fataki nayo imeingizwa kwa hesi. Na kwa kawaida mtambo umefungwa katika mti wa bunduki kwa parafujo. Basi kila bunduki iliyoingia bara ilikuja na hesi zake.

Kisha vikaja vita vikuu vya 1914 hata 1918. Wakati ule mpaka wa hapa ulitenga nchi ya Wajerumani na nchi za Waingereza. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliuvuka mpaka huu kutoka kusini. Mwezi wa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipita tena upande huu, akaishambulia Fife, iliyokuwa ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma, akaendelea kusini. Tarehe 25 Novemba 1918, vita vikiwa vimekwisha huko Ulaya, aliweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao sasa huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia.

Vita vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyofyatua risasi moja moja na kutoa moshi mwingi. Lakini siku ile ya Abercorn bunduki zilizowekwa chini zilikuwa 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa vitani. Husimuliwa Mbala kwamba silaha nyingine zilitupwa katika ziwa dogo la Chila. Basi tazameni: katika vita vimoja na katika nchi moja zilipita bunduki za Wajerumani, za Waingereza na za Wareno, juu ya yale magobori ya zamani. Kila aina ilikuwa na parafujo zake, na parafujo ya aina moja haikutengenezwa kwa ajili ya nyingine.

Mtu atauliza, Kwa nini zisifae? Si parafujo zote? Hapana. Hapo kale kila fundi alichonga hesi kwa kipimo chake mwenyewe. Fundi wa bunduki alifua kijiti cha chuma, akakizungusha kwa nguvu ndani ya bamba la chuma cha pua lililokuwa na matundu ya hesi, kisha akachonga hesi ya tundu iliyokubaliana nacho. Parafujo ile ilikubali tundu lake tu. Ndiyo sababu mafundi wengi walitia alama ndogo, nukta moja, mbili au tatu, juu ya parafujo na karibu na tundu lake, ili zisipotezane.

Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri kwamba mafundi wafuate kipimo kimoja, na kwamba pembe ya kila hesi iwe digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Marekani alitoa shauri lake la digrii 60. Mwaka 1898 mafundi wa mataifa kadhaa ya Ulaya walikutana Zurich, katika nchi ya Uswisi, wakapatana juu ya hesi ya milimita yenye pembe ya digrii 60. Hata hivyo viwanda vya bunduki mara nyingi viliendelea kufuata vipimo vyao wenyewe.

Fikirini mfano huu. Katika duka la vyuma la Tunduma mtu hununua parafujo ya kipimo cha M6. Upana wake ni milimita 6, na hatua ya hesi yake ni milimita 1. Parafujo ya Whitworth ya robo inchi ina upana wa milimita 6.35, na hatua ya milimita 1.27. Kwa macho zinafanana. Lakini mtu akiitia ile ya kwanza katika tundu la ile ya pili, itazunguka kidogo kwa ulegevu, kisha itakwama, maana katika kila mzunguko imepungukiwa na milimita 0.27. Asiye na subira huongeza nguvu, na matuta ya hesi hukatika. Kazi ya fundi wa miaka mia na hamsini iliyopita huharibika kwa dakika moja.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuharibika kwa hesi, kutia parafujo isiyo yake. Sababu ya pili ni kuianza mshazari, hata hesi ya parafujo ikapanda juu ya hesi ya tundu badala ya kuifuata. Sababu ya tatu ni kukaza kupita kiasi. Chuma nacho kina mwisho wa uvumilivu. Sababu ya nne ni kutu. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa, na katika miezi ya mvua kutu huanza upesi na kula matuta ya hesi kidogo kidogo. Sababu ya tano ni bisibisi isiyofaa. Katika Mauser ya mwaka 1871 komeo la bunduki huzuiwa na parafujo moja, na kila askari aliyetaka kulitoa komeo alisafishe aliifungua parafujo hiyo. Bisibisi nyembamba ikiteleza hula kingo za mfereji wa kichwa, na parafujo isiyoshikika kichwani ni taabu kubwa kuitoa.

Sasa na tuone jinsi ya kutengeneza. Kabla fundi hajagusa parafujo hata moja, yako mambo mawili ya kutangulia. La kwanza ni sheria. Tanzania ina sheria ya silaha ya mwaka 2015, na mtu asiye na kibali haruhusiwi kuwa na bunduki wala kuitengeneza, hata ikiwa ni ya kale. Mtoto akiona bunduki shambani, porini au darini mwa nyumba, asiiguse. Amwambie mtu mzima, naye apeleke habari kituo cha polisi.

La pili ni kujua kama bunduki ina kitu ndani. Baruti nyeusi ikikaa mahali pakavu haipotezi nguvu zake, na gobori lililosahauliwa pembeni miaka mingi laweza kulipuka. Fundi mwenye kibali huuelekeza mtutu mahali pasipo na mtu, huingiza mdeki mpaka ukome, hutia alama penye mdomo wa mtutu, kisha huutoa na kuulaza nje sambamba na mtutu, alama ikiwa penye mdomo. Ikiwa ncha ya mdeki haifiki karibu na kitako cha mtutu, basi ndani mna kitu, na kazi nyingine zote hungoja mpaka kitolewe kwa njia ya salama.

Baada ya hayo huja kazi ya kufungua. Parafujo yenye kutu haifunguliwi kwa hasira. Hutiwa mafuta mepesi, ikaachwa siku moja, au mbili, au juma zima, mafuta yakiongezwa kila siku. Bisibisi husuguliwa kwa tupa mpaka ncha yake ijae mfereji wa kichwa kwa urefu na kwa unene. Bunduki hufungwa katika jiliwa ambalo midomo yake imevikwa ngozi, ili isiumize chuma wala mti. Fundi hugonga bisibisi polepole kwa nyundo ndogo ili kutu iachie, kisha huzungusha. Parafujo ikikataa, huirudisha kidogo upande wa kukaza, kisha hujaribu tena. Kila itokayo huiweka katika ubao uliotobolewa matundu, kila moja mahali pake, asije akaibadili kwa nyingine.

Kisha huipima hesi. Chombo kilicho bora ni kipimo cha hesi, yaani majani membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila jani likiwa na meno ya hatua yake. Asiyekuwa nacho hutumia hesabu. Hupima urefu wa nafasi 10 kati ya matuta, na kugawa kwa 10. Nafasi 10 zikichukua milimita 12.7, hatua ya hesi ni milimita 1.27, kama ile ya Whitworth tuliyoitaja. Parafujo ikiwa fupi, hupima nafasi 5 na kugawa kwa 5.

Sasa fundi ajua ugonjwa, naye atachagua dawa. Zipo njia tatu, na mwenye busara huanza na ile inayobadili kidogo kabisa.

Njia ya kwanza ni kunyosha. Matuta yakiwa yamelala au yamebonyea tu, chuma chake bado kipo. Fundi huchukua tupa ndogo ya pembe tatu na kuufuata mfereji polepole, akiinua na kusafisha, wala hakati zaidi ya kilichopotoka. Hesi ya tundu haifikiwi kwa tupa. Kwa hiyo huchukua parafujo nyingine nzima ya kipimo kilekile, huchonga mifereji miwili au mitatu kwa urefu wake, na kuiingiza kwa mafuta mengi, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ile mifereji hupokea uchafu na vipande vya kutu, na hesi ya tundu hurudi katika njia yake. Mafundi wana vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo: tapu kwa hesi ya ndani ya tundu, na dai kwa hesi ya nje ya parafujo. Lakini tapu ya kipimo kisichokuwa sawa haisafishi hesi ya zamani. Huikata na kuweka nyingine juu yake, na mwisho wake hapana hata moja inayoshika.

Njia ya pili ni kufanya parafujo mpya. Matuta yakiwa yamekatika kabisa katika parafujo, lakini tundu ni zima, haifai kuligusa tundu. Fundi hukereza parafujo mpya katika kerezo, kwa hatua ileile, pembe ileile na kichwa cha umbo lilelile. Ile ya zamani haitupwi. Huwekwa katika bahasha na kuandikwa imetoka wapi na imetolewa lini, maana ni shahidi wa kazi ya fundi wa kwanza. Watu wa makumbusho hufanya hivyo, ili atakayekuja baadaye ajue kilicho cha kale na kilicho kipya.

Njia ya tatu hutumiwa tundu lenyewe linapokuwa limeharibika kabisa. Wengine hulipanua tundu na kutia parafujo nene zaidi. Hiyo ni njia ya haraka, lakini chuma kilichotolewa hakirudi, na bunduki imebadilika siku zote. Iliyo bora ni kulipanua tundu kidogo, kulichonga hesi, kulijaza kwa kizibo cha chuma chenye hesi ya nje, kisha kukitoboa kizibo hicho katikati kwa keekee na kuchonga ndani yake hesi ya kipimo cha zamani. Hivyo parafujo ya zamani hurudi mahali pake. Wako wanaojaza tundu kwa kuunguza chuma kwa moto mkali. Lakini moto huo huondoa ugumu uliotiwa katika chuma cha mtambo, na huharibu rangi yake ya kale. Tundu likiwa katika mti wa bunduki, kazi ni nyepesi: kijiti chembamba cha mti wa aina ileile hutiwa gundi, huingizwa ndani, na parafujo hushika tena.

Lakini ipo hesi moja ambayo hayo yote hayaihusu. Ni hesi ya kizibo cha kitako cha mtutu, pamoja na ile ya chuchu ya fataki. Parafujo nyingine hushika mti na vyuma. Hizi huzuia nguvu ya baruti. Bunduki inapolia, moshi wa moto husukuma risasi mbele, na kwa nguvu hiyohiyo husukuma kizibo nyuma, na nyuma ndipo ulipo uso wa mpigaji. Hesi iliyoliwa na kutu yaweza kuonekana nzima kwa nje, na kukatika siku ile moja. Kwa sababu hiyo bunduki ya kale ambayo hesi yake ya kitako imeharibika haitengenezwi ili ipigwe. Husafishwa, hupakwa mafuta, na kuwekwa makumbusho, itazamwe tu. Fundi anayesema, "Hii sitaitengeneza," naye amefanya kazi yake.

Siku hizi Tunduma ni mji wa mpaka wenye karakana nyingi, na magari makubwa yaendayo Zambia na Kongo hupita mchana na usiku. Wengi wenu hamtagusa bunduki ya kale maishani mwenu, lakini hesi mtaigusa kila mahali: katika nati za gurudumu la gari, katika bomba la maji, katika dawati la shule. Katika baiskeli pedali ya kushoto ina hesi inayozunguka kinyume, na wasiolijua jambo hilo wamezikata pedali nyingi kwa nguvu za mikono yao.

Basi shikeni desturi hii ya mafundi. Unapotia parafujo katika tundu, usianze kwa kukaza. Izungushe kwanza nyuma, polepole, kwa vidole, mpaka uisikie imeanguka kidogo mahali pake. Hapo hesi mbili zimekutana. Ndipo uizungushe mbele kwa vidole vivyo hivyo. Ikikataa, itoe na kuitazama. Ikikubali, iache iingie mpaka karibu na mwisho, na bisibisi ifuate baadaye.

Maswali

1. Hatua ya hesi ni nini? Nafasi 10 za hesi zikichukua milimita 8, hatua yake ni kiasi gani?
2. Kwa nini parafujo ya M6 hukwama katika tundu la Whitworth la robo inchi?
3. Taja sababu tano za kuharibika kwa hesi.
4. Kwa nini parafujo ya kale iliyoharibika haitupwi?
5. Hesi ya kitako cha mtutu ina tofauti gani na hesi ya parafujo za mtambo?